Chupa iliyotobolewa: namna ninavyoanza milinganyo ya difarenshali

Nafundisha hisabati tumizi chuo kikuu hapa Dar es Salaam, na kipindi ninachokipenda kuliko vyote ni hiki cha kuanzisha milinganyo ya difarenshali, yaani milinganyo inayoeleza kasi ya mabadiliko. Kifanye kabla hujaandika chochote ubaoni.

Hatua ya 1: Chupa
Kila kundi la wanafunzi watano lije na chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, yenye ubavu ulionyooka. Wakate shingo, watoboe tundu la milimita 4 hivi karibu na kitako kwa msumari uliopashwa moto, kisha wabandike rula ya karatasi ubavuni. Sifuri ya rula ikae katikati ya tundu. Wengi huianzishia kwenye kitako, na vipimo vyote vinaharibika.

Hatua ya 2: Tabiri
Wazibe tundu kwa kidole na kujaza hadi sentimita 16. Uliza: kama maji yote yatachukua dakika mbili kuisha, yatafika sentimita 8 baada ya muda gani? Kila mmoja aandike jibu kwa wino, pamoja na sababu, kwa Kiswahili.

Usiiruke hatua hii, nakuomba. Mitihani yetu ni ya Kiingereza, na mwanafunzi mwenye mashaka hujificha nyuma ya maneno aliyokariri. Anayeandika "maji yakipungua presha inashuka, kwa hiyo yanatoka polepole zaidi" ameshausema mlinganyo wenyewe. Kilichobaki ni alama tu. Wengi huandika dakika moja. Usiwasahihishe, maji yatawajibu.

Hatua ya 3: Pima
Mmoja asome rula, mwingine ashike saa ya simu, wa tatu aandike kimo kila sekunde 10. Waache kupima chini ya sentimita 1, kwani hapo maji hayarukii mbali tena, yanatambaa kwenye plastiki.

Hatua ya 4: Chora
Kwanza kimo dhidi ya muda: mstari unapinda. Kisha kipeuo cha pili cha kimo dhidi ya muda: unanyooka. Sasa ndipo umtaje Torricelli, mwanasayansi wa Italia, aliyechapisha mwaka 1644 kwamba kasi ya maji yanayotoka tunduni hufuata kipeuo cha pili cha kimo. Andika dh/dt = −k√h (h ni kimo, t ni muda, k ni namba isiyobadilika), watafute jibu wenyewe: √h = √h₀ − kt/2, h₀ kikiwa kimo cha mwanzo. Warefushe mstari hadi sifuri wapate muda wote. Sentimita 8 hufikiwa kwenye asilimia 29 hivi ya muda huo, na nusu ya muda hutimia maji yakiwa sentimita 4. Warudi kwenye walichoandika kwa wino.

Hatua ya 5: Tofauti
Nadharia inasema k = (a/A)√(2g), a likiwa eneo la tundu, A eneo la mkato wa chupa, na g mchapuko wa graviti. k ya grafu itatoka ndogo zaidi, na watashawishika kurekebisha vipimo. Wakataze kabisa. Mchirizi hujibana ukishatoka. Kwa tundu lenye kingo kali, kinachotoka ni kama asilimia 60 ya kinachotarajiwa. Mimi natoa alama nyingi kwa maelezo ya tofauti hii kuliko kwa jibu lenyewe.

Kazi ya nyumbani: simtanki la lita 1000 juu ya mnara, bomba linashuka hadi koki ya uani. Waeleze kwa nini h haipimwi tena kutoka chini ya tangi, na kona za bomba zinafanya nini kwa k.