Kabla Hujapeleka Cheti Chako Kugongwa Muhuri

Ukitaka hati zako zikubalike nchi nyingine, anzia kule karatasi zinakokwenda. Kabla hujamwona wakili wala kupanga foleni wizarani, iulize ofisi itakayozipokea, iwe chuo, mwajiri au idara ya uhamiaji: mnataka hati halisi au nakala iliyothibitishwa? Kwa lugha gani? Iwe imetolewa ndani ya miezi mingapi? Omba jibu kwa maandishi.

Kisha angalia kama nchi iliyotoa hati na nchi itakayoipokea zote zimo katika Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961. Zikiwamo, unahitaji cheti kimoja tu kiitwacho apostili, kinachotolewa na mamlaka ya nchi ilikotoka hati. Usikifuate ubalozini. Usitegemee pia maelezo ya mtu aliyesafiri zamani, maana orodha ya wanachama hubadilika: China iliingia Novemba 2023, Kanada Januari 2024. Na nchi mbili zinaweza kuwa wanachama huku moja imeweka pingamizi dhidi ya mwenzake. Hapo apostili haifanyi kazi kati yao.

Kama nchi mojawapo haimo, njia ni ndefu: kwa kawaida mamlaka inayosimamia hati hiyo, halafu wizara ya mambo ya nje, halafu ubalozi wa nchi uendako. Kila ofisi inathibitisha saini ya ile iliyotangulia, kwa hiyo huwezi kuruka hatua. Ubalozi huo ukiwa nchi jirani, hesabu na siku za posta.

Hapa ndipo ningependa utulie zaidi. Muhuri hauthibitishi yaliyoandikwa ndani. Unathibitisha saini, cheo cha aliyesaini na muhuri wake, basi. Jina lililokosewa kwenye cheti cha kuzaliwa litapita ofisi zote hizo likiwa limekosewa vilevile, na atakayeligundua ni yule wa mwisho, ukiwa umeshalipa kila mahali. Weka pasipoti pembeni, linganisha herufi kwa herufi, tarehe kwa tarehe. Palipo na kosa, sahihisha kwanza, hata kama itakuchelewesha.

Hati binafsi, kama ile ya kumruhusu ndugu auze kiwanja kwa niaba yako, kwa kawaida husainiwa kwanza mbele ya wakili mwenye mamlaka ya kuthibitisha saini. Tafsiri mara nyingi ni bora ifanywe mwishoni, ili na maneno ya mihuri yatafsiriwe. Ila iulize ofisi itakayoipokea kama inakubali mtafsiri yeyote au inataka aliyeapishwa katika nchi yake.

Usitie cheti plastiki ya moto, kwa kuwa ofisi nyingi hukikataa. Kurasa zilizounganishwa na muhuri usizibandue, hata kwa ajili ya kutoa kopi. Apostili yenyewe haina muda wa kuisha katika mkataba, lakini cheti cha polisi cha mwaka juzi kinaweza kukataliwa kwa uzee wake, kwa hiyo hicho kiombe mwisho, vingine vikiwa tayari.