Jinsi ya kuripoti tofauti kati ya makadirio mawili

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mwanafunzi wa uzamili aliyekuwa akilinganisha udumavu wa watoto (ufupi uliopita kiasi kwa umri wao) katika makundi mawili. Hesabu alikuwa ameshazimaliza, ila sura ya matokeo ilikuwa imekwama.

Hatua ya 1: Weka makadirio yote mawili mezani. Tofauti peke yake haitoshi. Msomaji anataka kujua umetoka wapi na umefika wapi.

Hatua ya 2: Taja kipimo cha tofauti. Takwimu za kitaifa za Kenya zinaonyesha udumavu wa watoto wa chini ya miaka mitano ulikuwa asilimia 26 mwaka 2014 na asilimia 18 mwaka 2022. Hapo umepungua kwa pointi 8 za asilimia, au kwa takriban asilimia 31 ya kiwango cha awali. Zote mbili ni kweli. Lakini ukiandika tu "umepungua kwa asilimia 8", kuna atakayeelewa kwamba umeshuka hadi karibu 24.

Hatua ya 3: Kokotoa masafa ya uhakika ya tofauti yenyewe, yaani mipaka ya chini na ya juu ambamo data inaruhusu thamani halisi iwemo. Hapa ndipo watu wanapopotelea, kwa hiyo twende taratibu.

Wengi hutazama masafa ya kila kundi, wakiona yamepishana wanaandika "hakuna tofauti". Usifanye hivyo. Chukua mfano: kundi A lina asilimia 30 (masafa ya asilimia 95: 26.1 hadi 33.9), kundi B asilimia 36 (32.1 hadi 39.9). Yamepishana, sivyo? Sasa kosa sanifu la kila kundi (kipimo cha jinsi kadirio linavyoweza kuyumba kwa sababu ya sampuli) ni 2. Jumlisha vipeo vyake vya pili, 4 + 4 = 8, kisha tafuta kipeuo cha pili: 2.83. Zidisha kwa 1.96 upate 5.5. Tofauti ni pointi 6, na masafa yake ni 0.5 hadi 11.5. Sifuri haimo, kwa hiyo huwezi kuandika "hakuna tofauti".

Kanuni hiyo inafaa pale sampuli mbili zinapojitegemea, kwa mfano tafiti za miaka tofauti. Kama makundi yametoka kwenye vijiji vilevile vya sampuli moja, makosa yao yanahusiana na kanuni haitoshi. Tumia programu inayojua muundo wa sampuli. Mimi napendekeza programu ya takwimu ya R na kifurushi chake kiitwacho survey. Stata nayo inafaa ukiwa na leseni. Excel iachie bajeti.

Tahadhari nyingine: tofauti kati ya makundi ikiwa na p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kama kwa kweli hakuna tofauti) chini ya 0.05 kwa wasichana na juu yake kwa wavulana, bado hujaonyesha kwamba wasichana na wavulana wanatofautiana. Wanatakwimu Andrew Gelman na Hal Stern walilieleza hili vizuri mwaka 2006. Pima tofauti ya tofauti hizo moja kwa moja.

Hatua ya 4: Andika sentensi. "Udumavu ulikuwa asilimia 36 katika kundi B na 30 katika kundi A, tofauti ya pointi 6 (masafa ya uhakika ya asilimia 95: 0.5 hadi 11.5; p = 0.03)." Nyota za jedwalini zinazoashiria p ndogo zifute, andika p yenyewe. Kisha mweleze msomaji kwamba nusu pointi haibadilishi mpango wa lishe wa wilaya, ilhali pointi 11 zinaubadilisha, na data yako inaruhusu yote mawili.

Hatua ya 5: Kwa asilimia na masafa yake, desimali moja inatosha.