Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuweka au Kutoa Laini Kwenye MiFi

Kuweka laini kwenye MiFi, yaani kifaa kidogo kinachosambaza intaneti ya laini kwa Wi-Fi, au kwenye modemu ni kazi ya nusu dakika, na kwa sababu hiyo wengi huifanya wakiwa wamesimama, kifaa kikiwa kinawaka, huku wakiongea na mtu wa pembeni. Madhara yake hayalingani na wepesi huo: laini inaweza kufungwa, pini za ndani ya kifaa zinaweza kupinda, na mtu anayefanya biashara kwa simu anaweza kukaa siku nzima bila kupata ujumbe wa miamala yake. Sehemu kubwa ya madhara hayo huzuilika kabla kifuniko hakijafunguliwa.

Anza kwa kujiuliza laini hiyo imebeba nini. Ikishaingia kwenye MiFi, kwa kawaida haipigi wala haipokei simu, na ujumbe mfupi unaotumwa kwenye namba hiyo huishia katika ukurasa wa mipangilio ya kifaa, mahali ambapo watumiaji wengi hawajawahi kupafungua. Kama ndiyo namba yenye pesa zako za simu, ndiyo iliyosajiliwa benki na ndiyo inayopokea namba za uthibitisho za barua pepe na WhatsApp, basi utakuwa na intaneti nzuri mezani lakini hutaweza kutuma hata nauli ya mtoto. Ushauri wangu, nami nausisitiza, ni kutafuta laini nyingine kwa ajili ya intaneti peke yake. Asiye na budi kutumia laini yake ya kila siku afanye miamala yake kwanza, awaarifu wanaomtegemea kwamba hatapatikana kwa namba hiyo, na ahamishie kwenye simu majina yaliyohifadhiwa ndani ya laini.

Hakikisha pia laini imesajiliwa kwa jina la nani. Kwa Tanzania, piga *106# ukiwa bado na laini kwenye simu, ufuate maelekezo. Jambo hili linaonekana kuwa mbali na kazi ya kuchomoa na kuchomeka kadi, lakini kadi ikivunjika au ikipotea katikati ya kazi, anayeweza kuirudisha namba ni yule tu aliyeisajili, kwa namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na alama za vidole vyake mwenyewe. Laini uliyosajiliwa na kaka ambaye sasa yuko mkoa mwingine haifai kuchezewa ovyo.

Kisha kuna namba ya siri ya laini, yaani PIN. Kama simu huiuliza kila inapowashwa, nenda kwenye mipangilio ya usalama ya simu uiondoe kabla ya kuhamisha laini, kwa sababu MiFi nyingi hazina mahali pa kuiandikia isipokuwa kwenye ukurasa wa mipangilio, na kifaa kikikosa PIN hakishiki mtandao. Ukikosea mara tatu, laini hujifunga na kudai PUK, yaani namba ya kuifungulia, yenye tarakimu 8. Ukikosea PUK mara kumi, kadi hiyo imekufa na haifufuki. Ile plastiki kubwa ambayo laini ilibanduliwa siku ya kununuliwa huwa na PUK, kwa hiyo itafute kwanza na uitunze.

Suala la ukubwa wa kadi linastahili uangalifu zaidi, maana hapa ndipo vifaa vingi huharibikia. Kadi zipo za vipimo vitatu: ya kawaida, milimita 25 kwa 15; mikro, milimita 15 kwa 12; na nano, milimita 12.3 kwa 8.8. Simu za siku hizi hutumia nano, ilhali MiFi na modemu nyingi za zamani zina nafasi ya kadi ya kawaida au ya mikro, hivyo mtu hulazimika kuivalisha nano fremu ya plastiki. Fremu yenyewe si kosa. Kosa ni kuiingiza nano ikiwa imelegea ndani yake, au kuisukuma fremu tupu ili kujaribu kama inaenea. Mimi niliwahi kuvuta fremu kutoka kwenye modemu na ikaja peke yake, kadi ikabaki ndani. Nilipovuta tena kwa nguvu, ukingo wa plastiki ulinasa pini moja kati ya zile sita nyembamba za rangi ya dhahabu na kuikunja kuelekea nyuma. Tangu siku ile modemu hiyo haikuitambua laini yoyote. Kama una fremu, bandika kipande chembamba cha utepe wa gundi upande wa nyuma wa kadi, usiokuwa na dhahabu, ili viwili hivyo viingie na kutoka kama kitu kimoja. Salama kuliko hilo ni kwenda dukani kuomba kadi mpya yenye vipimo vitatu katika plastiki moja, na kama laini ni ya miaka mingi, kadi hiyo mpya huenda pia ikakuwezesha kupata 4G ambayo ya zamani haikuipokea.

Hakikisha pia kifaa hakijafungwa kutumia mtandao mmoja tu. MiFi zinazouzwa na kampuni za simu mara nyingi huwa hivyo, na hakuna namna ya kuweka laini itakayobadili jambo hilo.

Sasa zima kifaa, ukiondoe kwenye chaja, na kama betri inatoka, itoe. Tazama matundu kwa mwanga wa kutosha. Tundu dogo la duara kwenye MiFi mara nyingi si la kufungulia trei, bali ni la kurudisha kifaa katika hali ya kiwandani. Ukilibonyeza kwa sindano kwa sekunde chache, jina la Wi-Fi na nenosiri mlilozoea nyumbani vinafutika. Nafasi ya kadi ya kumbukumbu nayo inafanana sana na ya laini ya mikro, kwa hiyo soma maandishi madogo yaliyo pembeni yake. Mchoro uliopo utakuonyesha pembe iliyokatwa ikae upande gani. Kadi ikigoma, itoe uitazame upya, usiisukume kwa kidole gumba.

Wakati wa kutoa, angalia kama nafasi ni ya kusukuma. Kwa aina hiyo kadi husukumwa ndani kidogo mpaka isikike tiki, nayo hujitokeza yenyewe. Kuivuta kwa kucha au kibano ni kuiharibu. Kwa wakazi wa pwani, chumvi ya hewani huacha weusi kwenye dhahabu ya kadi, basi ifute kwa kitambaa laini kikavu kabla ya kuirudisha.

Laini uliyoitoa iandike namba yake, uirudishe kwenye plastiki yake, na kila mwezi uiweke kwenye simu uitumie hata kwa kutuma ujumbe mmoja. Laini iliyokaa kimya kwa miezi mingi hufungwa na namba kuuzwa kwa mtu mwingine, na kama bado imeunganishwa na benki yako, ujumbe wa benki utamfikia huyo.