Kumsaidia jamaa apunguze uzito bila kumkejeli

Ukimwambia mtu mbele ya sinia ya pilau, "Wewe bonge, wacha hapo," atanawa ainuke. Usiku atakula peke yake jikoni. Anayechekwa barabarani haendi kutembea, na anayefokewa kliniki harudi kupimwa. Uingereza, watu karibu 3,000 wa miaka 50 kwenda juu walifuatiliwa kwa miaka minne. Waliosema wanadharauliwa kwa unene waliongezeka takriban kilo moja. Wengine walipungua kama gramu 700.

Omba ruhusa kwanza, mkiwa wawili, na si wakati wa kula: "Shangazi, naomba tuzungumze kidogo kuhusu afya yako, au tuiache siku nyingine?" Akisema la, iache. Akikubali, usianze na kilo. Anza na linalomsumbua mwenyewe, kama vile magoti, kukoroma au kukosa pumzi ngazini.

Kisha badilisha chungu cha nyumba nzima. Kumpikia yeye mchicha wa kuchemsha huku wengine wakila viazi karai ni kejeli bila maneno. Mbaazi zibaki, ila tui zito lipungue, jepesi liongezwe. Mahamri yawe mawili badala ya manne. Chai ndiyo inayoponyoka watu. Vikombe vitatu vya vijiko vitatu ni vijiko tisa, yapata gramu 36 za sukari, na Shirika la Afya Duniani linasema ni bora tusizidi 25 kwa siku. Punguza nusu kijiko kila wiki. Ukikata ghafla, atajilipa kwa soda.

Kutembea kuwe mwaliko: bustani ya Mama Ngina, ufukweni Mombasa, jua likipoa, dakika 10 kwa kuanzia, mpaka 30 kwa siku tano za wiki. Mwendo auamue yeye; ukimtangulia hatua kumi atajiona anakokotwa.

Mwenye kilo 100 akipunguza tano tu, presha na sukari huanza kushuka, ingawa kwa macho hubaki yuleyule. Basi usimuulize mbona bado mnene.

Kliniki, mwenye mkono mnene aombe mkanda mkubwa wa presha, kwa sababu mdogo husoma juu kuliko ilivyo. Na kama anadunga insulini au anameza dawa za kisukari, amwone daktari kabla ya kupunguza chakula, sukari isije ikamshuka kupita kiasi.