Kupunguza kero ya kelele za luteka kwa majirani wa kambi

Anza na hali ya hewa, maana ndiyo inayoamua mlio utafika wapi. Usiku mtulivu usio na mawingu, ardhi hupoa haraka na hewa ya juu hubaki na joto. Sauti ya mzinga hupinda na kurudi chini, ikatikisa madirisha kilomita nyingi kutoka kambini. Hali hiyo hudumu hadi jua lipashe ardhi, kwa hiyo milipuko mikubwa ipangwe kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri. Upepo ukielekea kijijini, ahirisha, au hamia eneo la upande mwingine.

Tuta la udongo husaidia kwa bunduki tu, likiwa karibu na mfyatuaji na refu kuliko mdomo wa bunduki. Mngurumo mzito wa mzinga hulizunguka. Hapo dawa ni umbali. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua takriban desibeli 6.

Vipimo navyo hupotosha. Kipimo cha A, yaani mpangilio wa kawaida wa mashine ya kupimia sauti unaofuata usikivu wa sikio, hupunguza sana uzito wa mngurumo mzito, kisha wananchi huambiwa wanatia chumvi ilhali vyombo vinatetemeka kabatini. Kwa milipuko tumia kipimo cha C, mpangilio unaohesabu pia mngurumo huo, na upime nyumbani kwa mlalamikaji.

Tangazeni ratiba mapema, kama inavyofanyika Salisbury Plain, eneo la mazoezi ya jeshi huko Uingereza, ambako saa za ufyatuaji huchapishwa. Taja siku, saa na aina ya silaha. Wajulisheni mwenyekiti wa kijiji, shule, zahanati na wafugaji. Ratiba ikibadilika, tangazeni siku hiyohiyo.