Kutengeneza Yoyo ya Mbao Isiyoyumba

Wiki iliyopita mpwa wangu aliniletea yoyo aliyoitengeneza mwenyewe, ambayo ilikuwa ikishuka vizuri lakini ikifika mwisho wa uzi inayumba, inasugua uzi na kuzima. Tuliifumua tukaanza upya, na hatua zifuatazo ndizo tulizozipitia.

Hatua ya kwanza: visahani. Kata visahani viwili vya mbao ngumu vyenye kipenyo cha takribani milimita 55 na unene wa milimita 15, vyote kutoka ubao mmoja. Tumia msumeno wa mviringo unaofungwa kwenye keekee, kwa kuwa biti yake hutoboa katikati wakati meno yake yakikata duara, na kwa hiyo tundu haliwezi kukaa upande. Msumeno wa mkono siupendekezi hata kidogo kwa kazi hii. Ukimaliza, piga msasa.

Hatua ya pili: mhimili na ulinganifu. Hapa ndipo nilipopoteza mchana mzima nilipotengeneza yoyo yangu ya kwanza, kwa sababu niliukata mhimili na kuutia gundi kabla ya kupima chochote. Chukua kijiti cha mbao kilichonyooka, kinachoingia kwenye matundu kwa kubana, kikiwa na urefu wa sentimita 12 hivi, na usikikate bado. Pitisha visahani, acha nafasi ya milimita 3 kati yake, kisha zungusha kijiti kwa vidole huku ukitazama nafasi hiyo kwa ubavu. Ikionekana kupanuka na kusinyaa, tundu limekwenda mshazari, na hakuna msasa utakaoliponya. Kata kisahani kingine.

Nafasi ikitulia, laza ncha mbili za kijiti juu ya kingo za rula mbili zilizosimamishwa sambamba, kwa usawa mmoja. Upande mzito utajigeuza wenyewe kuelekea chini. Utie alama ya penseli, uusugue kidogo kwa msasa, urudishe, utazame tena. Sisi tulirudia mara saba, hadi yoyo ikawa inasimama popote tulipoiacha. Hapo ndipo utie gundi, tone dogo tu ndani ya kila tundu, maana gundi ikivuja hadi katikati ya mhimili uzi hautateleza. Ikikauka, kata ncha zilizobaki nje.

Hatua ya tatu: uzi. Tumia pamba, kwa kuwa nailoni huyeyuka kwa joto la msuguano kwenye mhimili wa mbao. Unganisha nyuzi 6 za kushonea, uzisokote kwa nguvu, kisha uzikunje katikati ziachwe zijisokote zenyewe. Pale zilipokunjwa panua kitanzi na ukivalishe mhimili bila kufunga fundo. Kitanzi hicho kilegevu ndicho huiacha yoyo izunguke ikiwa chini, na ndicho kilichozipa sifa yoyo ambazo Pedro Flores, mzaliwa wa Ufilipino, alianza kuziunda California mwaka 1928. Yoyo ikiwa sakafuni, uzi ufike kitovuni. Hapo funga kitanzi cha kidole.

Hatua ya nne: kurusha. Vaa kitanzi kwenye kidole cha kati, shika yoyo kiganja kikitazama juu, kunja kiwiko, kisha irushe chini mbele yako na ugeuze kiganja kitazame chini. Iache izunguke kwanza, halafu uvute uzi juu kidogo: uzi utalegea, utanaswa na visahani na kujiviringisha. Isiporudi, uzi umefumuka mno. Ikirudi kabla hujauvuta, umejisokota mno, nawe uache yoyo ining'inie huru hadi ijisokotoe yenyewe.