Gari imebonyea: maji ya moto, pampu ya sinki, draya na dawa ya meno, kipi kweli kinanyoosha bodi nyumbani

Wakuu habari. Hapa Mwanza gari inabonyea kirahisi sana, ukipanda kivuko pale Kamanga gari zinapangwa zimebanana, ukipita Buzuruga jioni usukani wa bodaboda unakukwaruza mlangoni. Halafu mtu kabla hajaja gereji anakuwa ameshaona video na ameshamwagia maji ya moto kila mahali. Mi kazi yangu ni bodi, kwa hiyo nasema nilichokiona kwa mikono yangu: bampa ya plastiki inarudi nyumbani vizuri tu, bati mara nyingi halirudi, na pale linapokubali lina masharti. Fuata hatua kwa mpangilio maana ukiruka ya kwanza utaharibu rangi, na rangi ndiyo gharama.

Hatua ya 1. Osha hiyo sehemu kwa sabuni, kausha, halafu iangalie kwa pembeni jua la asubuhi likiwa chini, sio saa sita. Mchanga ukibaki utausugulia kwenye rangi. Pitisha ukucha taratibu, kama rangi imepasuka au imeinuka acha mambo ya kuvuta, utaibandua yote.

Hatua ya 2. Jua unashughulika na nini. Chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu, ifunge kwa kitambaa laini uiguse kwenye bodi. Ikishika kwa nguvu hilo ni bati la chuma. Isiposhika kabisa ni plastiki au alumini, gari zingine boneti yake ni alumini. Ikishika kwa unyonge sehemu moja tu wakati pembeni inashika vizuri, chini ya rangi kuna puti, ule uji mzito wa kujazia mashimo ya bodi unaokauka ukawa mgumu, maana yake gari ilishagongwa ikatengenezwa, na hili kwa gari zetu za mtumba ni jambo la kawaida sana. Penye puti usivute na gundi wala usibonyeze kutoka ndani, itapasuka.

Hatua ya 3. Bampa. Hapa ndipo maji ya moto yana kazi kwa hiyo naenda polepole. Bampa nyingi ni plastiki ya polipropilini, ukiangalia mgongoni kwake utakuta zimegongwa herufi PP, na hii plastiki ikipata joto inalainika na yenyewe inataka kurudi kwenye umbo lake la kiwandani. Fungua skurubu na klipu za ile plastiki nyeusi iliyoko ndani ya tairi mpaka mkono wako ufike nyuma ya palipobonyea. Kama gari ina sensa za kuegeshea usisukume karibu nazo, na ukiona waya chomoa soketi yake kwanza.

Chemsha maji kama lita mbili tatu. Sasa sikiliza, sisi tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96 hivi, haifiki 100, halafu ukiyabeba kwenye ndoo kutoka jikoni mpaka barabarani yanafika yamepoa na ndio maana wengi wanasema haifanyi kazi. Vuta waya wa ekstensheni, chemshia hapo hapo pembeni ya gari, watoto wakae mbali. Vaa glovu nene. Mwagia taratibu kuanzia juu, na usimwagie katikati ya shimo tu, mwagia zaidi kwenye kingo zake maana pale ndipo plastiki ilipojikunja na ndipo panaposhikilia. Hapo hapo sukuma kwa nyuma na kiganja au mpini wa nyundo uliofungwa kitambaa, ukisikia imeruka mwagia maji ya baridi ili igande. Haijatoka yote, rudia. Kikibaki kimstari pale ilipojikunja hicho hakitoki kwa maji, kitataka msasa na rangi. Na tafadhali usitumie moto wa gesi, plastiki inayeyuka kabla hujajua.

Hatua ya 4. Bati. Bati la mlango ni kama milimita 0.7 hivi, na chuma hakilainiki kwa maji yanayochemka, kinataka mamia ya nyuzi na rangi itakuwa imeshaungua zamani. Kwa hiyo swali sio joto, swali ni umbo. Kama ni pana, halina kina na halina mkunjo, bati halijavutika, limejifunga tu kwenye kingo, kama mfuniko wa debe ukiubonyeza unaruka tok. Hilo pampu ya kuzibulia sinki inaweza kulitoa. Chukua ile ya kikombe bapa, lowesha kikombe na bodi, bandika, vuta moja kwa moja kuja kwako kwa mivuto mifupi, usivute kwa hasira maana ukizidisha linatokea nundu kwa nje na nundu ni ngumu kuliko shimo. Kama lina mkunjo mkali au liko kwenye ule mstari wa mlango au ukingoni, chuma kimeshavutika, hapo nyumbani ni kupoteza muda.

Ukiona unafika kwa nyuma, pandisha kioo juu kwanza ili kisiwe ndani ya mlango, toa paneli ya ndani ya mlango, kama gari ina eabegi (mifuko ya hewa ya ajali) za pembeni chomoa betri na usubiri dakika kadhaa. Sukuma kwa kipande cha mti laini kuanzia pembeni kuja katikati, kidogo kidogo, huku mwenzako anaangalia kwa nje. Usigonge na nyundo tupu, kila pigo linaacha alama.

Hatua ya 5. Draya ya nywele na barafu kavu, au yale makopo ya hewa ya kusafishia kompyuta. Wanasema upashe bati joto kwa draya halafu ulipoze ghafla, shimo litaruka. Piga hesabu: chuma kinarefuka milimita 0.012 hivi kwa kila mita kwa kila nyuzi, sehemu ya sentimita 20 ukiipasha nyuzi 50 inarefuka kama milimita 0.12 tu. Hiyo haitoi shimo, na baridi ya ghafla inaweza kupasua rangi, na ikigusa ngozi inaunguza. Mi simshauri mtu.

Dawa ya meno hainyooshi chochote, ina chembe za kusugua, inafuta rangi ya gari ya mwenzio iliyobaki kwako basi, na usugue kidogo kwa kitambaa kilicholowa.

Hatua ya 6. Kama chuma kimeonekana usikiache mpaka mvua, kutu inaingia chini ya rangi na kusambaa. Msasa laini, praima (rangi ya kwanza ya chini), halafu rangi. Namba ya rangi kwa Toyota iko kwenye kile kibati cha kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, mstari umeandikwa C/TR, mfano 040 ni nyeupe, 1F7 ni silva. Ila jua limeshapausha gari yako, kwa hiyo fungua kile kimlango cha nje chenye rangi kinachofunika tenki la mafuta ukaende nacho dukani, mchanganyaji alinganishe kwa macho kabla hajakupimia.